Nilimpeleka bibi ufukweni akataka kutapika

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamera, mkoba kaukumbatia kifuani kama yupo stendi ya Rangi Tatu kule Mbagala usiku, na kila mlango ukifunguliwa anashtuka. Watu wanakiita kipimo cha kumeza mpira, na hilo jina peke yake linatosha kumpandisha mtu presha, maana ukishaambiwa utameza mpira unawaza ule wa kumwagilia bustani. Mpira wenyewe unene wake ni kama kidole kidogo cha mkono, una kamera mbele, unapita kooni unashuka mpaka tumboni, daktari anaangalia kama kuna vidonda, akihitaji anadonoa vinyama vidogo vya kupeleka maabara, na mara nyingi dakika tano mpaka kumi mmeshamaliza. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu ambaye hajala tangu jana usiku na jirani yake kashamwambia eti kuna mama alichanwa koo.

Mimi ni nesi, hapo kwenye kamera nina mwaka wa sita sasa, na kwa muda mrefu dawa yangu ya mgonjwa mwoga ilikuwa neno moja tu, usiogope. Alafu tukapata semina ya siku mbili, tukafundishwa jinsi ya kumwongoza mgonjwa atulie, yaani unakaa nae kabla ya kipimo, unaongea nae kwa sauti ya chini pole pole, unamwongoza apumue vizuri, alegeze viungo kimoja kimoja, afumbe macho ajione yuko sehemu anayoipenda. Tukapewa na karatasi ya mfano. Karatasi ilikuwa ya ufukweni, mchanga wa joto miguuni, mawimbi yanakuja yanarudi, upepo mwanana, mwili unaelea.

Basi nikamwamkia bibi, nikakaa pembeni yake, nikaanza kwa madoido yote. Bibi fumba macho, uko ufukweni, mawimbi yanakuja, yanarudi, sasa mwili wako unaelea. Nilivyofika kwenye kuelea bibi akafumbua macho akanikamata mkono. "Mwanangu niache, mie na bahari hatupatani. Nilikwenda Unguja harusini, nimetapika toka boti inang'oa mpaka tunafika bandarini Malindi. Hapa nilipo kichefuchefu kishanianza."

Na kweli uso ulikuwa umesawijika, nikakimbilia beseni. Yaani mgonjwa kaja na hofu yake moja, mimi nikamwongezea na ugonjwa wa bahari juu yake, tena tumbo tupu.

Nilivyorudi nimeshaona aibu ya kutosha, karatasi nikaiweka mfukoni. Nikamuuliza tu kama mtu na bibi yake, "Bibi, nyumbani ukiwa umetulia kabisa huna ugomvi na mtu, mikono yako inakuwa inafanya nini?" Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga. "Nasuka ukili, nini kingine." Kwa ambao hamjaujua, ukili ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa ukindu, ukishakuwa mwingi wa kutosha ndo unashonwa unakuwa mkeka. Nikamwambia haya bibi, fumba macho unisukie. Akakataa kufumba, akasema mtu anayeanza hasuki ukili macho yamefumbwa. Alafu akaanza kunieleza chane za ukindu zinavyopasuliwa, zinavyolowekwa ili zisikatike, rangi ipi inaingia wapi, na mkoba ukashuka kutoka kifuani ukakaa mapajani, na vidole vikaanza kutembea hewani, gumba na cha shahada, kunja, pitisha, vuta. Macho yakafumba yenyewe. Kile kidude cha kubana kidoleni tulikuwa tumeshamwekea, mapigo yalikuwa 118 wakati wa habari za boti, yakashuka mpaka 94 sijasema hata neno pumua.

Akaingia ndani akalazwa ubavu wa kushoto kama kawaida, koo limeshapuliziwa ile ganzi chungu inayokufanya uhisi ulimi ni wa mtu mwingine, kidude cha kung'ata mdomoni, na mimi kichwani kwake namwambia mate yaache yatoke bibi usimeze, pumua kwa pua, ukili uko wapi sasa hivi? Mdomo hauwezi kujibu lakini vidole vilijibu, vilikuwa vinasuka mpaka daktari anatoa mpira. Alikabwa mara mbili tu mwanzoni.

Tangu siku hiyo sijawahi kumpeleka mtu ufukweni bila kumuuliza. Na nimegundua wengi wetu hata hatupumziki ufukweni, ule ni utalii wa kwenye matangazo, mtu wa Njombe au wa Singida ukimwambia mawimbi unampa kazi ya kubuni kwanza hayo mawimbi yanakaaje.

Tatizo la pili lilikuwa pumzi. Kanuni yenyewe rahisi, unavuta kwa pua kama hesabu ya nne alafu unatoa taratibu kwa hesabu ya sita, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwasababu ukiwa unatoa pumzi ndo moyo unapunguza mwendo, kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo unashuka mpaka kifuani na tumboni, kazi yake mojawapo ni kuubania moyo breki. Hofu inafanya kinyume, inamwaga adrenalini, moyo mbio, viganja vya jasho, mtu anahema juu juu. Sasa mimi kwa haraka zangu nikawa namwambia mgonjwa "vuta, puliza". Kuna baba mmoja fundi wa magari kusikia puliza akapuliza kama anawasha jiko la mkaa lenye unyevu, fuu fuu fuu, dakika moja tu akaniambia sista naona kizunguzungu na vidole vinawasha kama vinatembelewa na sisimizi. Pumzi za haraka hivyo zinapunguza hewa ukaa kwenye damu kupita kiasi, ndo hayo matokeo. Sasa hivi nasema puliza kama unapoza uji wa mtoto. Kila mtu anajua ukipuliza uji kwa nguvu unakurukia.

Na kwenye kulegeza viungo nako nilibadilisha. Huu mtindo wa kukaza msuli alafu kuuachia alianza nao daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, kitabu chake kilitoka 1929, na hoja yake haikuwa na uchawi wowote, kwamba mtu hawezi kuuamrisha msuli ulegee wakati hata hajui kama ameukaza, kwahiyo akaze makusudi kwanza auhisi, ndo ataujua tofauti akiachia. Ila ukimwambia mama wa makamo "kaza ngumi kwa sekunde tano" anakaza kama mtoto wa shule anayeogopa kiboko. Namwambia mama, umeshika nazi iliyokunwa, unakamua tui la kwanza, kamua mpaka tone la mwisho, haya weka chini. Mikono inaachia mpaka kwenye bega, mwenyewe unaiona. Nikimaliza mikono nashuka kwenye miguu, vidole vya miguu vikunje kama unakanyaga tope, achia. Dakika nne nzima haziishi.

Dakika nne hizo ndo zilileta maneno. Tukiwa na wagonjwa kumi na nane kwenye foleni, kuna daktari wetu mmoja (hatumtaji, tunasalimiana vizuri siku hizi) alikuwa anatoa kichwa mlangoni anauliza sista bado mnabembelezana? Jina likaniganda, wenzangu wakawa wananiita mama bembea. Nikatafuta cha kumjibu nikakipata, utafiti wa Marekani uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2000, ulioongozwa na Elvira Lang, yeye mwenyewe daktari wa zile shughuli za kuingiza mipira kwenye mishipa na figo mgonjwa akiwa macho. Wagonjwa 241 waligawanywa makundi matatu, wengine huduma ya kawaida, wengine wakapata mtu wa kuwa nao karibu na kuwasikiliza, wengine wakaongozwa kutulia na kujipeleka kimawazo mahali pengine. Kundi la kawaida shughuli ilichukua wastani wa dakika 78, waliotulizwa dakika 61. Dawa za maumivu na za usingizi nazo walitumia kidogo zaidi. Nikaprinti nikambandikia pale kwenye kabati la vifaa anapochukua glovu. Hakusema kitu, ila kichwa mlangoni kikaacha kuchungulia. Na ukifikiria wala si ajabu, mgonjwa anayejitupatupa unamshika watu watatu, mpira unatoka unaanza upya, hizo dakika nani anazihesabu?

Huyo huyo Lang na wenzake mwaka 2005 wakatoa kitu kilichonikera kwa jinsi kilivyonigusa. Walirudia kuangalia video za wagonjwa wakiwa kwenye shughuli hizo, wakasikiliza maneno ya wahudumu, wakaona kwamba yale ya kumtahadharisha mtu kwa kutaja ubaya, aina ya "itauma kidogo", yalimzidishia maumivu na wasiwasi badala ya kupunguza, na kumhurumia kwa maneno ya aina hiyo kulimzidishia wasiwasi. Sasa jamani sisi bila pole tutaongea nini? Pole ndo salamu yetu, ndo nusu ya uuguzi wetu. Nimekaa nikaona siwezi kuiacha pole na wala sitaki, nesi asiyesema pole hapa kwetu ataonekana ana roho ya chuma, ila nimeihamisha. Naisema mgonjwa anavyofika, pole na foleni, pole na njaa, na naisema akimaliza. Pale sindano inapoingia nimeitoa, na nimeitoa pia "jikaze", maana jikaze ndo kinyume kabisa cha ninachotaka, nimetoka kumkamulisha mtu tui dakika nne alafu nimwambie jikaze? Badala yake namwambia kinachotokea. Utasikia ubaridi wa spiriti. Sasa nimeshika mkono. Uji bado wa moto, puliza.

Si kila mara inakwenda. Kuna mzee mmoja nilimuuliza mahali anapopapenda, akasema shambani kwangu mahindi, nikafurahi, nikamwongoza vizuri tu, umekaa chini ya mwembe, upepo unapita kwenye mahindi, mara nikaona mapigo yanapanda badala ya kushuka. Namuuliza vipi mzee wangu? "Ngedere," akasema macho yamefumba. "Nimeacha mtoto ndo analinda, na yule mtoto ni wa kulala." Ikabidi tumpigie simu mtoto.

Na kuna watu ambao kulegeza mwili ni kosa kabisa, hili naomba mlisome vizuri kwasababu hata manesi wenzangu wengi hawalijui. Yule mtu anayezimia akiona damu au sindano. Mimi wa kwangu alikuwa kijana wa bodaboda, kifua kama mlango wa duka, anacheka na kila mtu, nikamtuliza kwa mbwembwe zangu zote mabega yakalegea vizuri, nikaingiza sindano ya dripu, kijana akageuka rangi ya majivu akaniangukia. Kumbe kwa watu wa aina hiyo presha haipandi ikabaki juu kama kwa waoga wengine, inapanda kidogo alafu inaporomoka ghafla, na mapigo yanashuka, damu haifiki vizuri kichwani, chini. Ukimlegeza unaisaidia presha iporomoke. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, ndo aliwatengenezea njia yao miaka ya 80, wanafanya kinyume, wanakaza misuli mikubwa ya mapaja, mikono na kiwiliwili sekunde kumi mpaka kumi na tano hadi uso usikie joto, wanaachia nusu tu, wanapumzika kidogo, wanarudia. Kwahiyo siku hizi kabla ya tui na uji swali langu la kwanza ni umeshawahi kuzimia kwa sindano au damu? Akisema ndiyo namlaza, namwambia kaza mapaja kama umepanda pikipiki kwenye barabara ya mashimo, na nje ya hapo hatupozi uji wowote.

Mnaweza kuona kama najua sana, basi niwaambie yaliyonipata mwenyewe. Mwaka juzi mgongo ulinisumbua nikaandikiwa kipimo cha picha cha MRI. Nikaenda kifua mbele, mimi si ndo mama bembea? Wakanilaza, wakaniwekea vifunika masikio, wakanipa kile kibofu cha kubonyeza mkononi, kitanda kikaingia ndani ya lile bomba, dari liko hapa puani. Mashine ikaanza kugonga kama mafundi kumi wanaezeka bati juu yako. Dakika ya tatu nikabonyeza. Wakanitoa, yule kijana wa mashine mpole sana akaniambia dada tuna dakika ishirini na tano, ukitikisika tunaanza upya, unataka tuahirishe? Nilitamani kusema ndiyo. Nikajaribu uji, lakini kwenye bomba lile hewa yako mwenyewe inakurudia usoni, nikaona nazidi kubanwa. Kilichonisaidia ni daladala. Nilipanda kimawazo pale Rangi Tatu nikakaa dirishani, nikaanza kushuka na kupanda watu, Zakhem yule mama wa vitumbua, Kizuiani konda anagombana na mwanafunzi, kila kituo nakitazama nani anapanda kavaa nini, ule mgongano wa mashine nikaufanya ndo konda anapiga bodi. Nimefika Mtongani kwenye foleni ya magari nasikia dada tumemaliza. Sijui kwanini foleni ya Mbagala inanituliza mimi, mtu mwingine ingemuua.

Hapo ndo nimeelewa kwamba mahali penyewe si lazima pawe pazuri, inatosha pawe unapajua kwa vidole, pana vitu vingi vya kuhesabu na hakuna jukumu linalokusubiri hapo. Shamba la mzee lilikuwa na jukumu.

Kuna swali ninaulizwa sana, hasa na walokole, kama hii ni yoga au kupumbazwa akili. Mama mmoja alinitazama jicho la pembe akaniambia sista mimi sitaki mapepo. Nikamwambia mama sina pepo hata la kuazima, wewe una zaburi unayoipenda? Akaanza kuisema kwa moyo, mimi kazi yangu ikawa moja tu, kumpunguzia mwendo, kila mstari pumzi moja. Waislamu wengi wala sihitaji kuwaongoza, anakuja na tasbihi yake, mdomo unatembea kimya kimya, nachofanya ni kuhakikisha mkono wenye tasbihi siuwekei dripu. Nimeona wauguzi wanamnyang'anya mtu tasbihi waiweke kwenye mfuko wa nguo, jamani hiyo ndo dawa yake ya utulivu, mwachie mpaka dakika ya mwisho inayoruhusiwa.

Ila msije mkasema nesi wa mtandaoni kasema upumue badala ya ganzi. Ganzi ni haki yako, na kama kipimo chako kinaruhusu sindano ya kukusinzisha na hospitali inayo, iulizie, na ukipewa usije peke yako na usiendeshe gari kurudi. Hizi za kwangu zinakaa juu ya dawa, hazikai badala yake. Na hazimalizi hofu ile kubwa, maana ukikaa na watu pale benchini utagundua wengi hawaogopi mpira, wanaogopa majibu. Baba anakwambia naogopa kukabwa, ukimwacha aongee dakika mbili anakwambia kaka yake alianza hivi hivi, chakula kinakwama, na hakumaliza mwaka. Huyo huwezi kumkamulisha tui. Huyo unakaa nae, unamwita daktari aongee nae kabla na si baada.

Kama wewe ndo unaenda wiki ijayo, jizoeze usiku kitandani siku tatu nne kabla, usisubiri benchi, na ukifika mwambie nesi wazi naogopa, hakuna nyota unapewa kwa kunyamaza. Nimeona operesheni zimeahirishwa asubuhi kwasababu presha ya mtu imegonga 180 kwa hofu tu wakati wodini jana yake ilikuwa nzuri, kafunga kula bure, ndugu wametoka mkoani bure. Na yule ndugu anayekusindikiza chagua mwenye maneno machache.

Bibi wa ukili alirudi baada ya wiki nane hivi kuangaliwa kama vidonda vimekauka. Nilimwona toka mlangoni nikamfuata mbio, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nikavuta kiti nikakaa, nikashusha sauti yangu ile ya kazini nikaanza haya bibi, chane tumeshaloweka...

Akaninyooshea kiganja. Vidole vya mkono wa pili vilikuwa vimeshaanza.

"Leo nyamaza mwanangu. Utanichanganya hesabu."